Jeneza la Tiyo Nyembamba

Kuna methali moja inayoniudhi mpaka leo: mchagua jembe si mkulima. Aliyeitunga, wallahi, hakuwa mkulima, wala hakuwahi kusimama mbele ya tiyo nyembamba akiwa na tupa mkononi. Tiyo ni bomba. Neno tulilipata kwa Wabelgiji, na hata mama zetu sokoni walisema tiyo. Mimi jembe langu nililichagua. Nilichagua, nikarudi nikachagua tena, wenzangu wakanicheka na methali yao hiyo hiyo, na lau ningekuwa na mikono ya wakati ule ningechagua vilevile leo.

Ilikuwa miaka ya mwishomwisho ya Wabelgiji. Nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika atelye, yaani karakana, ya kampuni ya dhahabu, kule Kabambare, upande wa Salamabila. Kwetu ni Kasongo. Kati ya kazi na nyumbani kulikuwa na barabara nyekundu, madaraja ya magogo, na kamio za kampuni, malori yaliyoondoka yakitaka na kufika Mungu akipenda. Mvua ikinyesha, barabara ilifungwa kwa mti uliolazwa katikati, ili magari yasiiharibu, na askari aliyeulinda mti ule hakuwa mtu wa haraka. Ungeweza kumwambia unakwenda kuzika, angekujibu kwamba hata yeye ana wafu kwao.

Baba yangu alikuwa muosha maiti. Alilima mpunga kama wengine, lakini ukiuliza mtaani kwetu watu wangekwambia: yule mzee muosha. Alikuwa mkali. Aligombeza walio hai, akagombeza na waliokufa, nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia maiti, "Kunjua mukono, bwana, hata ulipokuwa hai ulikuwa mugumu." Kisha angemwagia maji polepole, kwa upole ambao sisi wanawe hatukuwahi kuuona mezani. Sura nilichukua kwa mama. Hasira nimeirithi kwa baba.

Mama alikufa nikiwa kazini. Habari ilinifikia na kamio, nikaomba ruhusa, nikapata ruhusa, na nilipofika Kasongo udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kubadilika rangi. Kwetu maiti hangoji. Mtu akifa asubuhi, jioni amelala mahali pake. Hilo nililijua tangu utoto, kwa hiyo sikumlaumu mtu. Lililonivunja ni lile aliloniambia mdogo wangu tulipokaa nyuma ya nyumba.

Ni lazima nieleze jeneza letu, maana wengine wakisikia neno hilo wanafikiri sanduku. Sisi Waislamu hatuzikwi na sanduku. Jeneza letu ni kama kitanda chenye mikono minne mirefu. Maiti analazwa juu, anafunikwa nguo, wanaume wanambeba mabegani hadi makaburini, na jeneza linarudi msikitini kumngoja mwingine. Moja tu, la watu wote. La Kasongo, mtaani kwetu, lilikuwa la mti, limepakwa rangi ya kijani nje, zuri kulitazama. Ndani mchwa walikuwa wamekula wakashiba. Siku ya mama, njiani, mkono wa mbele ulikatika palepale kwenye kiungo. Mama aliteleza. Baba, aliyekuwa akitembea kando, alijirusha chini yake na kumpokea kwa kifua. Sanda iliingia tope. Alipiga magoti barabarani akaifuta kwa mkono wa kanzu yake, watu wakiwa wamesimama hawana la kufanya, mpaka aliporidhika ndipo wakaendelea, wakimbeba mikononi.

Baba mwenyewe aliniambia maneno machache tu. "Mama yako alitaka kuanguka. Nilimushika." Nikasema alhamdulillahi. Akanitazama. "Bega lako halikuwa pale," akasema. Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia, maana karipio lake nililizoea tangu kutambaa, lakini sauti ile ya chini sikuijua, na kukosa usingizi kwangu siku zile zote kulitoka hapo.

Basi nikaenda kwa mwalimu wa msikiti, mzee mmoja mpole aliyefundisha watoto kusoma, nikamwambia nitatengeneza jeneza la chuma. Mchwa watavunjika meno. Mwalimu alifurahi, akaniombea dua palepale. Baba aliposikia alikataa.

"Muti unasema kabla ya kuvunjika," alisema. "Unalia kidogo, unapinda kidogo, mutu mwenye akili anasikia. Ule muti ulisema, sisi ndio hatukusikia. Chuma inanyamaza kimya, halafu inakuua."

"Baba, mimi ndiyo kazi yangu hiyo."

"Najua ni kazi yako. Ile tololi ya sokoni pia ilikuwa kazi ya mutu."

Alikuwa anasema kweli. Sokoni kulikuwa na mkokoteni wa chuma uliovunjika kwenye kiungo huku umejaa magunia ya chumvi, na Kasongo nzima iliusikia. Tulibishana hadi mwalimu akatuambia tutoke nje ya msikiti. Nje baba akanipa masharti yake, kwa kidole usoni. Jeneza liwe jepesi, kwa sababu wazee nao wanataka thawabu ya kubeba. Lisilielie njiani kama kitanda cha mgonjwa. Lisivunjike, hata kizazi chetu kikiisha. Halafu akashusha kidole akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba baada ya mama zamu ni yake, na hataki kuanguka mbele ya watu. Kikohozi chake tulikuwa tunakisikia wote. Tangu hapo sikuwa natengeneza jeneza la msikiti. Nilikuwa natengeneza la baba.

Jepesi maana yake ni tiyo nyembamba, na hapo ndipo kazi inapoanza kuuma. Tiyo mbili zikikutana, lazima moja ifunguliwe kinywa ili imng'ate mwenzake. Ukiikata wima kama muwa, itagusa tiyo nyingine mahali pawili tu, kwingine kote ni upenyo. Kwa tiyo nene ya maji, upenyo si neno: unajaza chuma kilichoyeyuka, unapaka rangi, unakwenda zako. Tiyo nyembamba haikubali mchezo huo. Moto ukikuta upenyo, kingo zinayeyuka na kukimbia, na shimo linapanuka unaliona kwa macho. Unaongeza chuma, linapanuka tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe unakuwa donge la chuma, nje nene, ndani bovu. Mkokoteni wa sokoni ulikufa kwa donge kama hilo. Kwa hiyo nguvu ya jeneza haikuwa katika moto wangu. Ilikuwa katika kinywa, na kinywa kinategemea kifaa cha kukikatia.

Niliporudi kazini nilikwenda kwa Mzungu mkubwa wa atelye. Nilimwambia naomba zile tiyo nyembamba zilizobaki walipotengeneza vitanda vya hospitali ya kampuni, zilizokuwa zimelala nyuma ya ghala zikiota kutu. Aliniuliza ni za nini, kwa Kiswahili chao kile cha amri. Nikasema ni za kubebea mtu aliyekufa.

"Mutu gani?" akauliza.

"Bado, bwana."

Akakuna shingo, akasema chukua. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano mengi, nikabaki na mabishano yangu mdomoni. Akaniambia nitumie mashine ya mkono iliyofungwa mezani, maana inakata mbio.

Mashine hiyo sisi tuliiita Mamba. Ilikuwa na mkono mrefu wa kushusha na taya mbili za chuma kigumu. Unaingiza tiyo, unaning'inia kwenye mkono, taa! kinywa kimetoka. Kwa tiyo za maji za kampuni, Mamba alikuwa hana mpinzani. Nikamjaribu na tiyo yangu nyembamba. Alikata, sikatai, lakini aliifinya kwanza, na kinywa kilitoka kimebonyea, midomo imejipinda nje kama ya mtoto aliyenyimwa sukari. Tiyo haikuwa mviringo tena. Nikaweka kando kipande kile.

Kifaa cha pili kilikuwa msumeno wa kikombe. Ulikuwa kama kikombe kweli, cha chuma, na meno yakizunguka ukingo wake. Unafungwa kwenye mashine ya kutoboa, unazunguka, unashuka juu ya tiyo na kuikata kinywa cha mviringo. Huu nilitamani unifae. Ulikata safi, na ukiona kazi yake unasikia raha. Lakini msumeno wa kikombe unakata kwa ukubwa wake wenyewe, hauna ukubwa mwingine, na vikombe vya kampuni vilinunuliwa kwa ajili ya tiyo za maji. Kile kilichokaribia kilikuwa kikubwa kidogo kuliko tiyo yangu. Kidogo tu. Katikati ya kinywa paligusa vizuri, masikioni, kwenye ncha mbili za kinywa, pakabaki upenyo ambao ukucha ungeingia. Fundi mwenzangu aliyekuwa meza ya jirani akasema hapo moto utaziba. Nikamwambia, na tope la sanda je, moto utaliziba? Hakunielewa, nami sikutaka kumweleza.

Kifaa cha tatu ni kile cha babu zetu wote: msumeno wa kawaida wa chuma, kisha tupa ile iliyo bapa upande mmoja na mgongo wa mviringo upande wa pili. Unakata pembe mbili kwa msumeno, halafu unakaa chini na tupa unanyoa kidogo kidogo, unapima, unanyoa, unapima. Inachosha mabega. Inakera. Nilitengeneza kipande kimoja kwa njia hiyo na kikachukua muda wa kuivisha sombe, yale majani ya muhogo.

Nilipopata likizo nilitia vipande vyote vitatu kwenye gunia, kila kimoja na kipande cha tiyo ya kulalia, ile inayong'atwa na kinywa, nikampelekea baba. Kwa nini yeye, asiyejua chuma? Kwa sababu angelala juu yake. Na kwa sababu, nikisema ukweli, nilitaka aniambie kikombe kinatosha. Kile cha kikombe kingeniacha na kazi ya siku chache. Cha tupa kilikuwa mateso.

Baba alikuwa uani, kavaa msuli, anakohoa. Niliweka vipande mbele yake nikamweleza kila kimoja. Hakuvigusa. Aliinuka akaingia ndani, akarudi na lile birika lake la kuoshea maiti, akachutama.

"Simamisha," akasema.

Nikasimamisha kipande cha Mamba juu ya tiyo iliyolala, kinywa chini. Akamimina maji ndani kwa juu. Yalitoka pande zote kama mtu ametoboa mtungi. Akakunja pua. Nikasimamisha cha kikombe. Maji yalishikwa katikati, yakatoka masikioni, michirizi miwili safi, kulia na kushoto. Nikasimamisha cha tupa. Maji yalikaa. Yalitengeneza tone moja kwenye kiungo, likavimba, likaanguka, na baadaye kidogo jingine.

"Baba, jeneza si mtungi," nilisema, kwa hasira, maana nilishaona mambo yanakoelekea.

"Ninajua jeneza ni nini, usinifundishe." Alifuta birika kwa msuli wake. "Hii ya mwisho unaweza kutengeneza vyote namna hii?"

"Itachukua muda mrefu."

"Mimi sina pa kwenda," akasema baba. "Labda mahali pamoja tu, na huko nimekwambia ninataka kwenda na nini."

Nikacheka bila kupenda. Naye akacheka, kikohozi kikamkamata, nikamshika mgongo mpaka kikapita. Mgongo ulikuwa umebaki mifupa. Niliogopa sana siku ile, na woga huo ndio uliokata shauri, si maji. Nilirudi Kabambare nikiwa nimechagua tupa.

Lakini kuchagua tupa si mwisho wa kuchagua, na hapa ndipo watu wa methali waliponipandisha mori. Tupa zenyewe si moja. Mgongo wake usiwe mpana kuliko tiyo inayotafutiwa kinywa. Ukiwa mwembamba kidogo, mkono wako unaweza kuzungusha na kupata mviringo. Ukiwa mpana, hakuna dawa, utanyoa masikio na katikati patabaki na nundu. Nilikwenda ghalani nikaomba kuona tupa zote. Mwenye ghala aliziweka mezani akinung'unika. Nilichukua kila moja, nikailaza mgongo kwenye kipande cha kinywa nilichokuwa nacho mfukoni, nikakinyanyua kwenye mwanga wa mlango. Wenzangu wakakusanyika kuniangalia.

"Anachagua mchumba," mmoja akasema.

"Mchumba angeshaolewa na mwingine!"

"Mchagua jembe si mkulima, ndugu yangu."

"Na wewe uliyelima bila kuchagua," nikamwambia, "ile fremu ya baiskeli uliyomchomelea shemeji yako iko wapi? Bado inabeba mtu, au mtu ndiye anayeibeba?" Wote wakaangua kicheko, naye mwenyewe pia, kwa sababu shemeji yake alionekana kila Jumapili akitembea kwa miguu, fremu begani. Nilichukua tupa moja nyembamba iliyokuwa imetumika nusu, meno yamepungua makali. Kwa tiyo nyembamba hiyo ndiyo nzuri. Tupa mpya inang'wafua, inachana kingo. Mwenye ghala alishangaa nimeacha mpya.

Nikawa nafanya kazi ya kampuni kwanza, kisha kazi yangu, saa ambazo wenzangu walikwenda kuoga mtoni. Nilichanganya masizi ya taa na mafuta ya mawese nikapaka ile tiyo ya kulalia. Nikaweka kinywa juu, nikasukuma, nikatoa. Palipokuwa na weusi ndipo palipogusa, ndipo pa kunyoa. Napaka tena, nasukuma, natoa. Mwanzoni weusi ulikuwa doa. Kisha ukawa mstari uliokatikakatika. Ulipozunguka kinywa chote bila kukatika, kama wanja uliopakwa na mkono mzuri, nilikiacha na kwenda kinywa kingine. Mikono yangu ilinuka mawese hata nilipokula, na usoni nilikuwa mweusi kuliko nilivyozaliwa. Baadhi ya vinywa vilikuwa vya mshazari, maana miguu ya jeneza nilitaka isimame imetanuka ili lisipinduke likiwekwa chini, na hivyo vilinitoa machozi. Kimoja nilikitupa ukutani. Kisha nikakiokota.

Niliposogeza moto, chuma kilikwenda laini. Sijui niseme vipi kwa mtu asiyechomelea. Hapakuwa na kukimbizana na shimo. Ute wa chuma ulizunguka kiungo taratibu ukanifuata mkono, na nyuma yake ukaacha mshono mwembamba tu. Yule wa fremu ya baiskeli alikuja akautazama, akapitisha kidole, akarudi akapitisha tena. Nilifurahi kuliko siku niliyopata mshahara wa kwanza.

Safari ya kulipeleka Kasongo ilikuwa kichekesho. Abiria wa kamio walipoona ninapakia jeneza tupu walishuka wote. Mama mmoja aliyebeba kuku akapiga kelele, "Haki ya Mungu, siendi na kitu hicho, kinatafuta mwenyewe!" Dereva akaniambia niseme ni kitanda. Nikasema ni kitanda. Mama akauliza ni kitanda gani chenye mikono. Mwishowe tulilipindua juu chini, tukalifunga kwa kamba, na yule mama, alipoona limegeuka, akaona linafaa kabisa kufungia kuku wake. Wakasafiri humo mpaka Kasongo, wakinya njia nzima. Baba alipoliona alikuwa na la kusema kuhusu mavi ya kuku kabla ya kusalimia.

Ijumaa baada ya sala wakalitoa kiwanjani mwa msikiti kulijaribu. Hakuna mtu aliye hai anayelala kwenye jeneza kwetu. Ni kuita kifo. Kwa hiyo walileta magunia ya mchele. Baba akayatazama magunia.

"Muchele haugeuki," akasema. "Muchele hauna kichwa." Akavua viatu, akaketi kwenye jeneza, akajilaza, akanyoosha miguu na kukunja mikono vile alivyokuwa akiwakunjia wengine.

Watu walirudi nyuma. Mwalimu akamsihi ainuke, akamwambia si vizuri, mzee, unakiita. Baba akajibu akiwa amelala, macho yanatazama juu, "Kinaijua nyumba yangu, hakina haja ya kuitwa. Bebeni!"

Nikashika mkono wa mbele, wa kushoto. Wanaume wengine wakaingia. Na hapo tukafanya kosa ambalo watu wa mtaa wetu peke yao wangeweza kulifanya: miili yetu ilikuwa imezoea jeneza la mti, lile gumu la kuinua, kwa hiyo tuliposema bismillahi tulinyanyua kwa nguvu ile ile ya zamani. Tiyo nyembamba ikaruka. Baba akaruka nayo, akaonekana juu ya vichwa vyetu, akashuka kwa kishindo.

"Eee! Munanitupa mbinguni kabla ya siku!"

Kiwanja kizima kikacheka, hata mwalimu, ndevu zikimtikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikiliza vinywa vyangu. Ule ulikuwa mshindo mbaya kuliko wowote watakaoupata, na chuma hakikutoa hata sauti.

Tukazunguka kiwanja. Kwetu kubeba ni kupokezana: wa mbele anarudi nyuma, mwingine anaingiza bega, kila mtu apate sehemu yake ya thawabu, na ukichelewa kuachia unasukumwa. Nilisukumwa. Sikuachia. Wakanisukuma tena, nikakaza mkono. Baba aliinua kichwa akaniona.

"Wewe mupumbavu, achia wenzako!"

"Sijamaliza," nikasema.

"Umemaliza. Umeshanibeba. Siku yenyewe, barabara ikikukamata huko kwenu Salamabila, usikimbie na makamio usiku ukavunja shingo. Umesikia? Bega lako limekuwa hapa." Akalaza kichwa. Tulipomtua, jeneza likayumba kidogo, akauliza: "Na muguu huu wa nyuma, kiwanja hakiko sawa ama muguu ndio murefu?"

Kiwanja ndicho hakikuwa sawa. Nilimwonyesha baadaye, tukabishana hadi magharibi.

Baba aliishi mvua kadhaa baada ya hapo. Aliosha wengi, na wote walikwenda kwa tiyo yangu, naye kila mara alitembea kando sikio likiwa kwenye viungo. Alipokufa yeye, mvua ilikuwa imenyesha siku nzima. Kamio yetu ilikuta mti umelazwa barabarani. Nilimwambia yule askari ninakwenda kuzika baba yangu, akaniambia barabara imefungwa. Nilipofika Kasongo mdogo wangu alinipokea mlangoni, nami sikuuliza kama wamezika. Niliuliza kama lilitoa sauti.

"Nini?"

"Jeneza."

Alifikiri. "Sikumbuki jeneza," akasema. "Tulikuwa tunambeba baba tu."

Nikaenda msikitini, chumba cha pembeni linakowekwa. Lilikuwa limeoshwa, limeegemezwa ukutani, maji bado yanachuruzika kwenye mguu mmoja. Nikapitisha kidole kwenye kila mshono, kinywa kwa kinywa, nikalia kwa sauti, bila haya, mpaka mwalimu akaja kufunga mlango ili watoto wasione.

Watu walipokuja kunipa pole walisema maskini, mama hakumbeba, na baba naye hakumbeba. Walisema kwa huruma, nikawaacha waseme. Nilimbeba baba yangu. Nilimbeba mchana kweupe, kiwanjani mwa msikiti, bega la kushoto, akiwa hai na akinitukana.